Mzee Koki na Bomba Lililosingiziwa

Ndugu, jamaa, majirani na wanachama wa ushirika wa wakulima wa zabibu, familia inawashukuru kwa kufika. Katika wasifu huu kuna jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa namna nyingine, na tunawaomba mvumilie kulisikia upya. Ni marehemu mwenyewe aliyeagiza liwemo. Sisi tungeliacha, na tulijaribu.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Mzee Koki, alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala la reli na mshona magunia. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa na vyumba viwili na pipa moja la maji mlangoni, lenye kifuniko cha bati na kufuli. Ufunguo alikaa nao mama. Familia imekuwa ikisimulia kwa fahari kwamba neno la kwanza alilotamka marehemu lilikuwa "maji," ingawa kwa ukavu wa eneo lile haijulikani kama yupo mtoto aliyeanza na neno jingine.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani na sekondari mjini, akafaulu hisabati na kuanguka katika uimbaji, na hali ikabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Mwaka 1975 alihitimu stashahada ya umwagiliaji katika chuo cha kilimo. Mkufunzi wake alimsifu kuwa kijana makini, mkweli, asiyependa ugomvi. Mawili kati ya hayo yalidumu bila kasoro.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na ushirika kuwa msimamizi wa maji. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga koki za mabomba ya matone yaliyopita katika mashamba ya mizabibu, na ndiko lilikotoka jina lake. Asubuhi kabla jua halijatoka alipita na ufito wa chuma, anauchomeka ardhini kando ya shina, anachimbua udongo wa chini na kuufinya kiganjani. Ukishikamana, koki ibaki imefungwa. Ukimwagika kama unga, alisogea kwenye majani kuona kama yamenyauka. Hakuwahi kuamini jani la mchana. "Adhuhuri kila jani linajifanya mgonjwa," alikuwa akiwaambia wakulima. "Nenda kaliulize alfajiri."

Wakulima walipata tabu kumwelewa. Walikuwa wamezoea kwamba mmea ukiwa na kiu unapewa maji, basi, na hapa amekuja kijana wa chuo kuwafundisha unyimivu. Aliwaeleza kwamba mzabibu ukidekezwa unaota majani na kusahau kuzaa. Unapochipua na kutoa maua, upewe ya kutosha. Punje zikianza kubadilika rangi, upunguziwe. Zikikaribia kuvunwa, koki zifungwe kabisa, kwa sababu maji ya dakika za mwisho huivimbisha punje hadi ngozi ipasuke, na penye mpasuko ukungu haukawii. Baada ya mavuno maji yarudishwe, maana mzabibu umetoka kujifungua. Mke wa mwenyekiti aliwahi kumuuliza mkutanoni kama na watoto wake atawalea hivyo hivyo. Koki akajibu kwamba bado hajaoa, na ukumbi mzima ukamwonea huruma mwanamke asiyejulikana.

Mwanamke huyo alijulikana mwaka 1979. Alikuwa binti wa mkulima mmoja wa ushirika, na walifunga ndoa tarehe 1 Desemba. Aliyesimama naye siku hiyo kama mpambe wake alikuwa rafiki yake Fundi, yule aliyelaza na kuunganisha mabomba yote ya ushirika, ambaye yupo nasi hapa. Walijaliwa watoto wanne. Pamoja na mke, marehemu alimpata Mama Mkwe, na mizabibu ya Mama Mkwe ilikuwa mwanzo wa mstari, koki yake ikiwa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Koki alimheshimu mama huyu kupita kiasi cha kawaida. Akimwona kwa mbali alivua kofia, akikaribia alikosa mahali pa kuiweka.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kuruka.

Mwaka 1988 ulikuwa mkavu sana. Punje zilikuwa zimeiva vizuri, tamu, ngozi imekaza, na Koki alikuwa amefunga koki zote na kutoa onyo kali kwa kila mtu. Siku moja mchana alikutana na Mama Mkwe njiani. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, na Mama Mkwe akasema, "Baba, mizabibu yangu imechoka kweli mwaka huu." Kisha akaendelea na habari za goti lake.

Ni hayo tu. Lakini Koki alisikia ombi, na mkwe hangojwi aombe mara ya pili. Mtu aliyekuwa amewakataza wakulima wote kuamini jani la adhuhuri aliliamini jani la adhuhuri kwa kuwa limesemewa na mama wa mkewe. Jioni alikwenda akafungua koki ya mstari ule, akiwa na nia ya kuirudisha baada ya kitambo kidogo. Aliporudi, Mama Mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Kuifunga mbele yake ilikuwa ni sawa na kumwambia kwamba amekunywa vya kutosha. Akamwamkia, akapita, akazunguka, akarudi. Mama bado yupo. Akaenda nyumbani kulala.

Mama Mkwe naye aliona ardhi inalowa. Alijua amri ya kufunga maji kama wengine, ila alijiambia kwamba mtaalamu ni Koki, na si adabu kumkosoa mkwe kazini kwake. Heshima mbili zikatazamana mlangoni, na maji yakaendelea kutoka hadi asubuhi.

Punje zikapasuka. Ukungu ukaanzia mstari wa Mama Mkwe ukahamia mistari ya jirani, na kwa kuwa zabibu za wote zilipakiwa gari moja, kiwanda kilirudisha gari zima. Zilimwagwa nyuma ya ukumbi wa ushirika, na nyuki walikaa pale kwa muda mrefu.

Katika mkutano, mwenyekiti aliuliza nani alifungua maji. Mama Mkwe alikuwa safu ya pili. Koki alisimama, akafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Bomba lilivuja." Ukumbi ukageuka kumtazama Fundi aliyekuwa karibu na mlango. Fundi alimtazama Koki, siyo ukumbi, akasema, "Kama msimamizi anasema hivyo." Akachukua kofia yake akatoka.

Ushirika haukumpa Fundi kazi tena, na watu binafsi nao wakaacha kumwita, maana nani atataka bomba la mtu ambaye mabomba yake yanavuja. Akaweka turubai kwenye njia panda akaanza kutengeneza baiskeli. Koki aliendelea na cheo chake hadi alipostaafu mwaka 2012, akapewa saa ya ukutani.

Wengi walikuwa na shaka na bomba hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeona likizibwa. Wala hawakusema. Walifanya utani. Mtoto asiyefanya kazi ya shule akiulizwa, "Bomba limevuja." Mume aliyechelewa kurudi, "Bomba limevuja." Ulisemwa mbele ya Koki naye akacheka pamoja na wenzake, na mkewe anasema hicho kicheko ndicho kilichomtesa kuliko yote. Nyumbani kwetu pia tuliusema, mezani, tukiwa tunashiba. Hata leo jamaa aliyechelewa kuleta viti alianza kuutoa, akakumbuka yuko wapi, akainama kupanga viti.

Koki alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo aliitunza vizuri mno. Hata hivyo kila baada ya muda aliikokota hadi njia panda, tairi likiwa limelala. Upepo aliutoa mwenyewe kabla ya kona, na binti yake mkubwa alimwona zaidi ya mara moja. Fundi angeuvua mpira, anaujaza, anauzamisha kwenye beseni la maji na kuuzungusha taratibu, wote wawili wameinama wakitafuta mapovu.

"Hauvuji," Fundi angesema.

"Angalia tena."

"Hauvuji, bwana."

Koki angesimama kidogo, kama mtu mwenye neno, kisha angeshukuru na kuondoka. Hivyo ndivyo alivyoomba msamaha, kwa miaka mingi, bila kuutamka. Katika familia yote, baiskeli ile ndiyo iliyopimwa afya mara nyingi zaidi.

Mwanzoni mwa mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Daktari alimwekea kipimo cha maji ya siku: kikombe kimoja cha plastiki chenye mistari, na kisizidi. Aliipokea amri hiyo kwa heshima, akasema daktari huyu amesomea zabibu. Lakini kiu ilipozidi aliwatazama watoto wake kwa namna ambayo hawataisahau, nao wakashikilia kikombe kwa mbali. Siku moja alimwambia mkewe, "Nilifikiri mizabibu haisikii."

Fundi alikuja kumtazama wodini. Mkewe alikuwapo, na ndiye aliyetusimulia. Marehemu alianza, "Ndugu yangu, lile bomba..."

"Lile bomba nililiunganisha mimi," Fundi akasema. "Unadhani sikwenda kuliangalia?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Kila siku unaleta baiskeli."

Marehemu alilia, akaomba msamaha. Fundi akamwambia kwamba yeye alishasamehe zamani, asijisumbue. Halafu akavuta shuka likae sawa, akaongeza, "Ila siku ile hatukuwa wawili. Ukumbi ulijaa."

Ndiyo sababu mnasomewa haya. Marehemu alitaka neno lirudi kwa watu wale wale, kwa sauti ile ile. Nguvu za kufika ukumbini hakuwa nazo tena, na alipokuwa nazo hakuzitumia. Mjane alikataa mwanzoni, akasema tunataka kumzika mara mbili. Kilichombadilisha ni mama yake. Tulikwenda kumwomba Mama Mkwe ruhusa tukiwa tumejiandaa kwa maneno mengi ya kuzunguka. Alitusikiliza, akasema, "Mimi sikuomba maji. Nilikuwa namsalimia." Kisha akasema, "Na matope niliyaona. Someni, nami niwekeeni kiti mbele."

Yupo mbele.

Mzee Koki alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 14 Agosti mwaka huu, saa ambayo kwa desturi yake angekuwa anakagua majani. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, Mama Mkwe, na rafiki aliyemngoja. Ameacha pia baiskeli nyeusi, ambayo mjane amempa Fundi. Jana aliizamisha mipira yote miwili kwenye beseni mbele yetu, kwa mazoea tu, na hakuna povu lililotoka.

Tumeacha sentensi moja. Marehemu aliitunga mwenyewe na kuagiza isomwe mwisho, ili hata wanaochelewa wawe wamefika. Anasema: "Bomba la Fundi halikuvuja. Maji niliyafungua mimi."

Sasa apumzike.