Betri ya Mignonne

Kijiwe cha Mama Kanku, pale Manika mjini Kolwezi, kiko hatua kumi tu kutoka barabara ya malori ya madini, na benchi lake ni bao lililowahi kuwa ubavu wa lori. Wanaolikalia kila Jumamosi asubuhi wana majibu ya mambo yote ya dunia, isipokuwa ya nyumbani kwao. Yupo Tata Ngeleka, mwalimu mstaafu, aitwaye Profesa kwa kuwa hajawahi kukubali kosa. Yupo René, mlinzi wa geti la kampuni ya madini kule Kingamyambo, aitwaye Ingénieur, yaani mhandisi, kwa sababu ya kofia yake ngumu, ambayo haivui hata kanisani. Yupo Kabongo, mpima madini ya wachimbaji, na huyo jina lake ni Kilo. Jumamosi hiyo akaja Tharcisse, fundi wa friji, amembeba begani binti yake wa miaka sita, Mignonne. Mfukoni alikuwa na karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne. Mkewe Laurentine alikwenda mazoezi ya kwaya, na alimwachia neno moja: akitoka huko anataka jibu la dawa, ndiyo au hapana.

— Docteur anasema ni TDAH, Tharcisse akaanza. Bongo haitulii. Hakae, hasikie, anakimbia mbele ya kuwaza. Juma ilipita aliingia mu barabara juu ya kufuata kipepeo.

— Na dawa? akauliza Profesa.

— Iko zile za kuchangamusha bongo, lakini alipima moyo yake, akasema izo apana. Anatuandikia ingine, yenye haichangamushe. Inaenda polepole, majuma na majuma. Anaweza kusinzia, ao kukataa chakula. Akasema: muwaze kwanza, mi sibasukume.

Wakati huo Mignonne alikwisha kumvuta Profesa ndevu, kuonja kahawa ya Kilo na kuuliza kwa nini kuku hana meno. Tharcisse alimpenda pamoja na kero zake zote. Aliogopa kitu kimoja tu, na hakukisema hata kwa mkewe: kwamba dawa ingekizima kicheko kile, abaki na binti mtulivu asiyemjua.

— Profesa, unikamatie mutoto, ninywe kidogo.

Profesa akampakata.

— Haraka haraka haina baraka, akasema.

— Si docteur amesema inaenda polepole?

— Njo maana nasema! Kama inaenda polepole, haiko na haraka. Basi na we usikuwe na haraka. Ungoje afike miaka makumi mbili. Tena mi najua mupango yao. Banataka batoto bote banyamaze, basiulize maswali. Mutoto akiisha kunyamaza, unaona anakuwa nini?

— Nini?

— Député wa bunge! Analala mu kiti mpaka mandat inaisha! Kilo, umushike, ananikanyaga.

Kilo akampokea, akampandisha na kumshusha kama anayekisia uzito wa gunia.

— Minaona ni muzuri. Yote ni mutoto, hamuna muchanga ndani. Tharcisse, uache mambo ya karatasi. Dawa ya moto ni moto. Basi dawa ya mbio ni mbio! Umutembeze kwa miguu mpaka Mutshatsha, umurudishe. Utaona kama hatalala.

— Mutshatsha? Mbali vile? Nani atamufuata?

— We baba yake.

— Na mimi nani atanipa dawa?

Wakacheka hadi bao likalia. Mama Kanku hakucheka. Alikuwa ameinamia moto, anapepea makaa.

— Mumulete huku, akasema Ingénieur, na akaisawazisha kofia yake. Mulisoma bure. Magari ya Bazungu inatembea na nini? Na kobalti. Kobalti inatoka wapi? Chini ya iyi benchi! Mutoto anazaliwa juu yake, anakunywa maji yake, anacheza mu vumbi yake. Iyu haiko na ugonjwa. Eko na batterie full!

— Yesu wangu, akasema Kilo.

— Nabaambia! Na chaji inashuka namna gani? Mu udongo. Umutoshe biatu, asimame chini, dakika kumi tu. Ikishuka, atakaa sawa mama wa kwaya.

Akamvua viatu, viwili vyekundu, akavipanga chini ya benchi na kumsimamisha mavumbini.

— Tharcisse, umuangalie, eh?

Tharcisse alikuwa ameifunua karatasi, anaisoma kwa mara ya ishirini.

— Mm, akasema.

Profesa akadai kwamba chaji haishuki, hupanda. Kilo akataka kujua kama betri hiyo ingeweza kuwasha friji. Wakabishana hivyo mpaka kikombe cha pili, na hakuna aliyemwona mwanamke mwenye kitenge cha kwaya aliyesimama mbele yao. Laurentine hakuwa amewahi kukanyaga kijiweni hapo.

— Mignonne eko kwa nani? akauliza.

Profesa akamwonyesha Kilo. Kilo akamwonyesha Ingénieur. Ingénieur akamwonyesha Tharcisse. Tharcisse akatazama chini ya benchi, na palikuwa na viatu viwili vyekundu.

Honi ya lori ikalia, ndefu, halafu breki.

Tharcisse hakumbuki alivyofika barabarani. Lori lilikuwa limesimama kimshazari, dereva ameshika kichwa, na ng'ambo ya pili, kwa mziba-tairi, Mignonne alikuwa akiruka-ruka peku.

— Papa! Camion kubwa ilisimama sababu yangu!

Alifurahi kweli. Tharcisse akamrudisha amemkumbatia kifuani, akamkalisha benchini na kumvika viatu. Kile cha kushoto kilimshinda mara mbili. Laurentine akampangusa binti vumbi magotini.

— Ndiyo, tuanze dawa, Mama Mignonne, Tharcisse akasema. Akisinzia sana, tutamurudisha kwa docteur. Mi niliogopa itamunyang'anya kicheko. Lakini dawa inaenda polepole, camion haiende polepole.

— Na dawa ikikawia?

— Nitamukamata mukono mimi mwenyewe. Sitamupatia muntu tena.

Ingénieur akakohoa.

— Kumbe chaji haikushuka sababu ya...

— Kahawa imeisha, akasema Mama Kanku, akalifunika birika.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke. Wakainuka mmoja mmoja.