Mstari Uliotoa Kumi na Nne

Soko la Kasongo lilikuwa halijachangamka asubuhi ile ya mwaka wa hamsini na saba, lakini benchi ya Bibi Nuru, muuza kahawa, ilikwisha kupata watu wake wawili wa kila siku. Wa kwanza alikuwa Atumani, fundi mwashi, waliyemwita Kona Nne kwa sababu hata sahani ya wali hakuila kabla ya kuipima kama imekaa sawa. Wa pili ni Raphaël, mpiga kengele wa misioni, na benchini aliitwa Kengele, si kwa kazi yake tu, kwa koo lake pia. Hapo ndipo Feza alipowakuta. Miaka kumi na tisa, masomo ya sekondari aliyaachia katikati kwa masista, mume yuko kwenye machimbo ya dhahabu Salamabila, Heri, mtoto wa miezi minne, analia mgongoni, karatasi mkononi. Alianza kusema kabla hajasalimia.

— Baba Atumani unisaidie, hirizi ya Heri ilianguka mu maji nikiwa namuogesha, uzi ulikatika, nikaifungua nikaushe karatasi, karatasi ikaniyeyukia mu vidole, nilichoona nikakiandika haraka, sasa nimejumlisha na haikubali, na Maalimu aliyeiandika iko Nyangwe kwenye matanga, na mutoto halali, siku tatu halali, na wifi yangu anasema mwenye kufungua hirizi amemufungulia mutoto mulango!

— Pumua kwanza, mwanangu, — alisema Bibi Nuru. — Lete huyo mutoto. Kaa, nikupe kahawa.

Feza alimfungua Heri mgongoni, akampa, akakaa ukingoni kama mtu anayengoja kufukuzwa. Karatasi akaiweka juu ya goti. Mraba, vyumba tisa, kila chumba na namba yake.

— Kila mstari inapaswa kutoa kumi na tano, — alisema. — Huu wa juu, ine, tisa, mbili: kumi na tano. Huu wa katikati, tatu, tano, sita: kumi na ine! Na sita iko mbili, saba haiko. Sijui kama Maalimu alikosa ao miye nilikosa.

Bibi Nuru alikuwa na birika la kuangalia, basi akampa Kona Nne mtoto. Kona Nne akamweka begani, akainamia karatasi, akaifuata kwa kidole kama anasoma ramani ya nyumba ya mzungu wa teritware, ofisi ya serikali.

— Ukuta umeinama, — akatangaza. — Pale kwa sita ya mstari wa katikati, njo tundu. Usingizi wa mutoto unatorokea pale, kama mbuzi. Wazee walisema, usipoziba ufa, utakula na kipofu.

— Hawakusema hivyo, — alipinga Kengele.

— Walimwambia baba yangu. Kengele, shika mutoto, nichore.

Akachora mraba mkubwa mavumbini kwa kijiti. Heri sasa alikuwa kwa Kengele, na Kengele hakujua kuongea polepole.

— Pembe ine ni nyingi mno! Mutoto mudogo atazunguka lini zote? Mupe pembe tatu! Kule kanisani Utatu unachorwa namna gani? Tatu! Na jikoni kwako, Feza, mafiga ni mangapi?

— Tatu, baba.

— Chungu kilishaanguka? Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo chora tatu, utamaliza mbio! — Akachora kwa kidole cha mguu, akimyumbisha mtoto huku na huku. — Hata tembo, sikio lake ni pembe tatu, njo maana analala amesimama!

— Na mamba wa Lualaba, — alidakia Kona Nne, — haingii mu wavu kama matundu yake si ya pembe ine. Daraja la njia ya Kabambare lilibomoka juu ya nini? Walipima kumi na ine!

— Nyinyi wote mulizaliwa mu sanduku? — Bibi Nuru alichota majivu, akayamwaga kuzunguka michoro yao yote miwili, duara moja kubwa. — Bibi yangu, Mubangubangu kwa kabila, alizungusha pemba, ule udongo mweupe, kando ya kitanda cha kila muzazi. Tumbo liko na kona? Ziwa liko na kona? Mutoto anatafuta mahali alipotoka.

— Duara haina mulango! — alinguruma Kengele. — Usingizi utaingilia wapi? Simba mwenda kimya ndiye mla nyama!

Feza aliwatazama, akatazama mavumbi, akatazama karatasi. Alitoa kalamu, akaishika juu ya chumba kile kimoja.

— Nikiandika saba kwa mukono wangu, na kama haikuwa saba? Miye si maalimu. Nikimupoteza juu ya namba moja?

Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wamefika kwenye mwezi na pembe zake mbili. Mwanamke mmoja mgeni, aliyejitambulisha kuwa Régina wa Kabambare, akatua kikapu chake cha karanga, akaomba kahawa, akakaa kando ya Feza, akamtazama Kengele.

— Mutoto huyu alilala saa ngapi?

Kona Nne akamtazama Bibi Nuru. Bibi Nuru akamtazama Kengele. Kengele akainamisha macho kwenye bega lake, taratibu, kama amebeba yai.

Feza aliruka. Akaweka mgongo wa kidole chini ya pua ndogo ile, akangoja. Pumzi ikaja, ya moto, yenye harufu ya maziwa. Ikaja nyingine.

— Na weye, mama yake? — Régina alimsukuma kidogo akae vizuri. — Ulilala lini?

— Miye niko sawa, mama, sina usingizi, nabakisha tu ile saba, nikishaiandika nitaenda, wifi yangu ananingoja, tena nguo ziko mu maji, tena…

Bega la Régina lilikuwa karibu, Feza akaliegemea. Kalamu ikamponyoka. Maneno ya mwisho aliyoyasikia yalikuwa ya mbali kidogo, na mojawapo lilikuwa la Kengele akijaribu kunong'ona, sauti kama msumeno.

— Mumeona? Tatu.

— Tatu nini! Usingizi ulimuanzia begani kwangu, — alisema Kona Nne.

— Kwako alilia. Nilikuwa nahesabu.

— Nyamazeni. Kahawa ya Feza itapoa, — alisema Régina.

— Ipoe, — alisema Bibi Nuru.