Kifuniko Kinachokataa

Treni iliondoka saa kumi na moja na nusu jioni, na mhariri wa video za harusi alikuwa amepakata kasha la kompyuta ambalo kifuniko chake kilikataa kufungika. Ndani mlikuwa na kipoza prosesa kipya, kifaa cha kupoza ubongo wa kompyuta, kikubwa, chenye mapezi ya bati, na feni yake ilichungulia nje kwa unene wa kidole.

"Dada, umetia jokofu kwenye sanduku la viatu," alisema jirani yake wa kiti, fundi viyoyozi. "Toboa kifuniko, yaishe."

"Kaka, kasha hili ameliunda mume wangu mwenyewe. Alipima kimo chote, akasahau kwamba ubao wa kompyuta haukai sakafuni mwa kasha, unakaa juu ya vijiguu. Bado hajajua, na sitaki aambiwe na msumeno."

Fundi alicheka, kisha akainama kutazama. Feni ilikuwa imepandishwa juu na vibao vya kumbukumbu vilivyosimama mbele ya kipoza. "Ihamishie nyuma ya mapezi, itashuka."

"Huko itavuta hewa badala ya kuisukuma. Kusukuma ni bora."

"Hewa moto ikitoka imetoka, dada yangu. Haiulizi imesukumwa au imevutwa."

Mhariri hakulikubali hilo hata kidogo, ila vidole vyake vilikuwa vimeshafungua vibanio vya feni. Aliihamisha feni, akateremsha kifuniko, kikalala kama mfuniko juu ya sufuria yake.

"Hata hivyo, kusukuma ni bora," alisema.

"Kuvuta," alijibu fundi, akimpa bisibisi.

Treni iliposimama, skrubu ya mwisho ilikuwa imekazwa.