Aliyetengenezea Bule: Mama Honorine Katungu Aondoka Karakanani

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili limenyamaza kwa miezi minne, na katika miezi hiyo Mama Honorine Katungu alistaafu, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi katika karakana yetu ya vifaa vya afya hapa Bunia. Alistahili kuusoma wasifu huu siku ya sherehe yake. Tuliuzuia kwa sababu tulitaka kuuchapisha pamoja na jibu la ombi lake la mwisho. Jibu halijafika, na kuendelea kunyamaza kungekuwa kosa la pili.

Alikuja kutoka Kisangani akiwa fundi wa phonie, zile redio ambazo vituo vya afya vilitumia kuzungumza kabla ya simu za mkononi. Alikuwa na mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Mtu aliyeweka kikombe cha chai juu ya meza yake ya kazi alikikuta baadaye uani, kimefunikwa vizuri kwa sahani ili inzi wasiingie. Kwa hilo hakugomba. Alikuacha ukitafute.

Simu zilipofika, phonie zikafa, naye akajifunza kuandika programu. Kazi yake kubwa ilikuwa visanduku vinavyolinda friji za chanjo katika vituo vya afya vya mbali, kama kile cha Bule. Kisanduku hupima joto la friji, na joto likipanda hupiga kengele ili muuguzi aje. Programu yake huandikwa hapa Bunia kwenye kompyuta ya ofisi, lakini kisanduku si kompyuta ya ofisi. Kina aina nyingine ya kichakataji, yaani ubongo wa mashine, hakijui kukokotoa desimali kwa haraka, na maktaba zake za programu hukaa mahali pengine.

Hapo ndipo wengi walipokwama. Kompaila, inayogeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine, si programu moja. Ni programu kadhaa zinazopokezana kazi kama mafundi: mmoja hutayarisha maandishi, mwingine hutafsiri, mwingine huunganisha vipande na maktaba. Mbele yao yuko kiongozi anayepokea amri moja kisha kumwita kila mmoja kwa zamu. Kiongozi huyo asipoelezwa kitu, hudhani kwamba programu itatumika kwenye mashine ileile aliyokalia.

Mama Honorine alimpanga upya. Alimweleza aina ya kichakataji cha kisanduku, akamkataza kugusa maktaba za ofisi, akamwonyesha zile za kisanduku, na kumtajia mahali ambapo kisanduku hutafuta kipakiaji, kile kinachoanzisha programu. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wote: aliamuru kwamba amri tupu, isiyo na maelezo yoyote, itengenezee kisanduku daima. Aliyetaka kujaribu kitu kwenye kompyuta ya ofisi ndiye aliyelazimika kuandika maelezo marefu.

Kila mgeni wa karakana alilalamika kwamba kompaila imeharibika. Jibu lake tulilikariri sote:

"Haiharibike. Ni weye njo umesahau unafanyia nani kazi. Siye hatutengenezee bureau. Tunatengenezea Bule."

Mara moja tu alikubali kulegeza. Wafadhili walikuwa wanakuja, na mkurugenzi wa wakati huo alitaka waone programu ikifanya kazi kwenye kioo kikubwa cha ofisi. Mama Honorine akamgeuza kiongozi wa kompaila ili atengenezee ofisi. Wageni wakafurahi, wakapiga picha, wakaondoka. Kesho yake alitengeneza programu mpya ya Bule, akaikabidhi kwa mtu wa pikipiki, bila kukumbuka kurudisha mipango yake. Kisanduku cha Bule kilipokea programu ambayo hakikuweza kuisoma, kikanyamaza. Friji ilipopata joto, hakuna kengele iliyolia.

Muuguzi wa Bule, Mama Joséphine, alipiga simu baada ya kumwaga chanjo zote na kuwarudisha akina mama waliokuwa wamekwisha kupanga foleni, watoto migongoni.

"Mama Honorine, kisanduku yenu ilinyamaza," alisema, "mi nikawaza iko salama."

Mama Honorine hakumlaumu mkurugenzi wala wageni. Alikwenda Bule mwenyewe na chanjo nyingine, akasimama mbele ya wale akina mama akaeleza kosa lake. Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu yeyote kugusa mpango ule, hata alipoombwa kwa adabu, na hata pale ambapo, tuseme ukweli, alipaswa kusikiliza.

Sasa visanduku vipya vinakuja. Kichakataji chao ni cha aina moja na cha kompyuta za ofisi. Vituo vya Nyankunde na Iga Barrière vitawekewa. Bule, kwa sababu ya ubovu wa barabara, itabaki na cha zamani, wala hakuna ajuaye kwa muda gani. Mkuu wetu mpya, Ingénieur Rodrigue, anataka amri tupu irudi kutengenezea ofisi. Hoja yake si ya uvivu: vituo vingi vitakuwa na visanduku vipya, na amri ikiwa fupi watu watajaribu kazi yao ofisini mara nyingi, na anayejaribu mara nyingi huikosea mara chache.

Katika karakana hii, anayestaafu huomba jambo moja, na soda hazifunguliwi mpaka mkuu ajibu. Wengine wameomba kiti, wengine kitenge. Mama Honorine aliomba amri tupu iendelee kutengenezea Bule mpaka kisanduku cha Bule kibadilishwe.

Rodrigue aliinamisha kichwa.

"Mama, weye unaenda kupumzika. Siye tutabakia kuandika mistari murefu kila siku?"

"Andika tu, papa. Vidole haiishake juu ya kuandika."

Watu walicheka, naye Rodrigue akacheka. Lakini ni mtu mkweli, hakutaka kuahidi asichoweza kutimiza. Alisema kwamba jambo hilo limo mikononi mwa kamati ya karakana. Kreti ya soda ikabaki imefungwa. Hatimaye mama mwenyewe akasema, "Fungueni. Sukari haikufanya kosa." Tukanywa. Yeye hakunywa.

Mama Honorine, tunakushukuru kwa vituo vilivyosikia kengele kwa wakati wake. Tunasikitika kwamba uliondoka bila jibu, na kwamba sherehe yako haikukamilika. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na meza ambayo hakuna atakayeweka kikombe bila ruhusa yako. Hadi leo, amri tupu ingali inatengenezea Bule. Chupa yako iko juu ya rafu ya phonie, haijafunguliwa. Siku kamati itakapoamua, liwe jibu zuri au baya, tutakuandikia siku hiyohiyo. Hatutanyamaza tena ukadhani ni salama.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Lambert, mhariri