Tarumbeta la Pili la Mzee Adelard Kasanda

Ndugu na majirani, tumekusanyika hapa Kinondoni kumsindikiza Adelard Kasanda, mume wa Sesilia, baba wa Gaspar na Jovina, askari mwenye nishani. Alikuwa askari wa nani? Swali hilo lilimsumbua tangu ujana, na sasa amemwachia mjane wake.

Marehemu alizaliwa mwaka 1894 huko Ndala, Unyamwezi, mtoto wa kwanza wa mzee Kasanda. Miaka miwili baadaye akazaliwa mdogo wake, Apolinari, ambaye tangu alipojua kutembea hakukubali kuachwa nyuma. Mama yao aliwapikia chungu kimoja na kuwachapa kwa fimbo moja, maana alipokosa mmoja, wa pili hakuwa mbali.

Walisoma pamoja shule ya misheni, wakajua kusoma, kuhesabu na kuranda mbao. Mwaka 1913 waliandikishwa Tabora katika jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani. Huko walifundishwa kwenda kwa mguu ulionyooka, unaonyanyuliwa juu na kupigwa chini mpaka vumbi linatimka. Apolinari alikuwa hodari zaidi, na Adelard hakuona haya kulisema.

Vita vilipokuja walipigana bega kwa bega. Mwaka 1917 Adelard akaangushwa na homa, akaachwa katika hospitali ya porini. Wadachi wakaendelea kusini, na Apolinari pamoja nao. Waingereza walimkuta Adelard pale, wakamtibu, wakamvika sare ya jeshi lao, Keya. Sesilia alimuuliza mara nyingi kama aliridhia au alilazimishwa. Jibu lilikuwa lile lile: "Walinipa uji."

Julai mwaka 1918, katika nchi ya Wareno, majeshi hayo mawili yalikabiliana kandokando ya mto, hawa ng'ambo hii na wale ng'ambo ile. Mchana risasi zilipotulia, askari walitaniana kwa Kiswahili. Adelard akaitambua sauti moja, ya Apolinari.

"Kaka! Hao wanakupa nini, wali?"

"Wali na nyama! Vuka uje ule!"

"Vuka wewe! Huku tuna njaa, lakini bado tunajua kutembea!"

Pande zote mbili zikaangua kicheko. Kesho yake asubuhi wakapigana. Adelard alibaki peke yake kwenye bunduki ya rashasha, akaizuia ng'ambo ile mpaka wenzake wakaokoka. Kwa ushujaa huo alipewa nishani. Apolinari hakuonekana tena, si kati ya maiti, si kati ya mateka.

Baada ya vita marehemu alipata kazi ya kulinda ghala la reli, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 1948. Alifunga ndoa na Sesilia tarehe 6 Mei 1922, wakajenga Buguruni, karibu na njia ya treni. Nishani ilikaa ndani ya kipande cha kanga, ikitoka mara moja kwa mwaka, siku ya Novemba ya kuwakumbuka mashujaa. Siku hiyo alisimama mjini mbele ya sanamu ya askari, katika mstari wa wazee wenye nishani. Maua yakawekwa, tarumbeta likapigwa, watu wote wakanyamaza.

Novemba ya mwaka 1934, wazee walipoamriwa kuondoka kwa mwendo wa heshima, miguu ya Adelard ilikwenda yenyewe. Ikanyanyuka juu, ikanyooka, ikapiga chini kama Tabora. Watu wakacheka. Sajini mmoja kijana akamfuata, amekunja uso.

"Mzee, wewe ni wa jeshi gani?"

"Hilo nami ningependa kuambiwa, mwanangu."

Sesilia, aliyekuwa kando ya barabara na watoto, aliona aibu, kisha akaingiwa na hofu kwamba nishani itachukuliwa. Haikuchukuliwa. Lakini jirani yao Mfaume, mtani wake mkubwa, hakumwacha: "Mdachi, shikamoo! Au leo Mwingereza?" Marehemu alicheka, kisha akaingia ndani.

Mwaka uliofuata Sesilia alimsihi asiende.

"Nisipokwenda, Apolinari atasimamiwa na nani?"

"Baba Gaspar, siku ile si yake. Yeye alikuwa upande wa pili."

"Sijui. Nasimama pale kila mwaka, sijasikia mtu akisema si yake." Akafunga vifungo vya koti. "Wala sijasikia akisema ni yake."

Akaenda. Sesilia akamfuata, na tarumbeta lilipopigwa hakujua amwombee nani: mumewe aliye hai, au shemeji asiyemjua, ambaye huenda mumewe ndiye aliyemuua.

Mwezi Juni mwaka huu marehemu alishikwa na ugonjwa wa kifua. Siku za mwisho alimshika mkewe mkono, akauliza, "Mama Gaspar, tuko upande gani?" Sesilia akamjibu, "Tuko Buguruni." Akaonekana kuridhika. Alifariki Jumatano, tarehe 5 Oktoba 1955, nyumbani kwake, saa za adhuhuri.

Jeshi limemleta kijana wa kumpigia tarumbeta. Asubuhi ya leo mjane alimwomba alipige mara mbili.

"Nina amri ya mara moja tu, mama."

"Hiyo umepewa na bwana mkubwa wako. Ya pili nakupa mimi."

Kijana akaiweka sawa kofia yake, akasema, "Ndiyo, mama."

Kwa hiyo mnaombwa msitawanyike likimalizika la kwanza. Hilo ni la Adelard. La pili ni la Apolinari Kasanda, asiye na kaburi. Kama ni halali kumpigia au la, Sesilia anasema hajui, na haulizi tena.

Marehemu ameacha mjane, Sesilia, mwana, Gaspar, binti, Jovina, aliyeolewa Temeke, wajukuu saba, na mtani wake Mfaume.

Mungu awapumzishe wote wawili, ng'ambo moja.