Swali la Kumi na Moja, Mara ya Pili

Ndugu waombolezaji, majirani wa Erhlun na Huwei, walimu wenzake na marehemu, na ninyi wanafunzi wake mliofurika mpaka nje ya hema, familia imempa mdogo wa marehemu, Liao Wen-chi, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda kabisa mtu asome mbele za watu huku anamung'unya maneno, mtavumilia tukienda polepole, na walioko nyuma wasiosikia wanyooshe mkono.

Mwalimu Liao Wen-tsung alizaliwa tarehe 6 Novemba 1951 hapa Erhlun, wilaya ya Yunlin, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Liao Shui-mu na mama Chung Mien, wakulima wa vitunguu saumu na matikiti. Kama mnavyojua, sisi wa ukoo huu huishi kwa jina la Liao na kuzikwa kwa jina la Chang, kwa ajili ya ahadi ambayo babu yetu wa zamani aliwapa wakwe zake, na marehemu, ambaye hakuacha kitu chochote kipite bila kukigeuza somo, kila mwaka siku ya kwanza ya masomo aliwaambia wanafunzi wapya, "Jina langu la kusikia ni Liao, jina langu la kusoma ni Chang, na hilo la pili mtalisoma kwenye jiwe, kwa hiyo mjue mapema kuwa kusikia ni kazi moja na kusoma ni kazi nyingine."

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi hapa Erhlun Septemba 1958 na kumaliza Juni 1964, akaendelea na sekondari mjini Huwei hadi Juni 1970, akienda na kurudi kwa baiskeli ya baba ambayo haikuwa na breki, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Kaohsiung, akachukua Kiingereza, akahitimu Juni 1974. Wakati huo aliweza kusoma kitabu kizima cha Kiingereza bila kamusi, lakini siku moja mgeni Mmarekani alimsimamisha kwenye ngazi za chuo akamwuliza choo kilipo, naye akainama kwa heshima akamjibu kwamba hata yeye amefurahi sana kumfahamu, na aibu ya siku ile hakuisahau mpaka uzeeni, maana alituambia mwenyewe kila tulipokaa mezani na wageni. Alilitumikia jeshi kisiwani Kinmen kuanzia Agosti 1974 hadi Juni 1976, ambako majeshi mawili hasimu, kila moja upande wake wa mlango wa bahari, yalikuwa yakipigiana kelele kwa vipaza sauti mchana na usiku, na alisema huko ndiko alikojifunza kwamba mtu anaweza kusemeshwa miaka miwili mfululizo na asiambulie kitu.

Kikazi, tarehe 1 Agosti 1976 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya juu mjini Huwei, akafundisha hapo miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu tarehe 31 Julai 2011. Walimu wenzake watakumbuka kwamba siku hizo Kiingereza kilikuwa cha karatasi tu, yeye akashikilia kwamba mtoto apimwe masikio pia, akawa anachukua habari moja, nusu ya darasa waisome, nusu waisikilize, na majibu yalimsikitisha kila mara, kwa sababu aliyepata tisini kwa kusoma alipata thelathini kwa kusikiliza. "Macho yenu yana digrii," aliwaambia, "masikio yenu bado yako chekechea." Siku ya jaribio alizima mapanga boi hata kama ni Juni na jasho linadondokea karatasi, akakaa kwenye kiti cha mwisho cha kila darasa kusikia kama kipaza sauti kinafika, akasimamisha hata mpishi wa shule asikate nyama, na kanda ilichezwa mara moja tu. Hakuna aliyewahi kumshawishi airudie, wala mkuu wa shule, wala mzazi aliyekuja na kikapu cha matikiti, maana jibu lake lilikuwa lile lile, "Dunia hairudii maneno."

Tarehe 2 Oktoba 1977 marehemu alifunga ndoa na bibi Wei Pi-hsia, karani wa posta kutoka Tuku, ambaye yupo hapa mbele. Kwa kuwa mazungumzo ya jaribio yalihitaji sauti ya mwanamume na ya mwanamke, na hatukuwa na mzungu wa kumkodi, marehemu alimfundisha mkewe kutamka sentensi za Kiingereza neno kwa neno, na bibi huyu, ambaye hadi leo hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, alisema mbele ya kinasa sauti kwamba treni imekwisha kuondoka, kwamba mwavuli wake ni ule wa bluu, kwamba asante, ameshakunywa chai, akiwa hajui anasema nini. Karibu wote mlioko nje mmepimwa masikio kwa sauti yake, na marehemu alijivuna kwamba hakuna sauti anayoijua vizuri kuliko ile.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Liao Pei-jung, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1980, na hapa familia inaomba mtulie, kwa sababu yanayofuata Pei-jung mwenyewe ndiye aliyeomba yasomwe.

Jumatano tarehe 15 Aprili 1998 kulikuwa na jaribio la shule la kuchagua wanafunzi wa kupendekezwa chuo kikuu, Pei-jung akiwa mmoja wao, marehemu akiwa ndiye mtungaji na mwendesha kanda, na mama mtu ndiye sauti. Kanda ilipofika swali la kumi na moja, msafara wa mungu mama Matsu ukapita nje ya ukuta wa shule, fataki zikaripuka kwa mamia, ngoma na tarumbeta zikafuata, madirisha yakatetemeka, na darasa zima likapiga kelele, "Mwalimu, rudia! Hatujasikia!" Marehemu alisimama na kidole juu ya kitufe, wanasema alikuwa amepauka, akatazama mahali alipokaa mwanawe, halafu akaiacha kanda iendelee, kwa hofu kwamba akirudia watu watasema amemrudishia binti yake. Pei-jung alikosa nafasi kwa swali moja, na swali hilo lilikuwa la kumi na moja.

Nyumbani kukawa hakukaliki. "Sauti ni yangu, mtoto ni wangu, na wewe umeshindwa kubonyeza kitufe?" bibi Pi-hsia alimwambia, kisha akamnunia miezi minne, akimpakulia wali bila kumtazama, na marehemu mama yetu akamchemshia mjukuu wake kuku na ufuta kila juma kama mzazi aliyejifungua. Pei-jung alijaribu mtihani mkuu wa Julai bila mafanikio, akafanya kazi dukani Taichung, na Novemba 2005 akaenda Queensland, Australia, kufunga letusi, akaolewa huko, akazaa mtoto mmoja wa kike, na kwa miaka yote hiyo maongezi yake na baba yake kwenye simu yalikuwa ya hali ya hewa. Marehemu hakuwahi kusema kwamba alikosea, hakuwa mtu wa namna hiyo, lakini kuanzia mwaka uliofuata alikuwa akienda hekaluni kuulizia ratiba ya msafara kabla ya kupanga jaribio, na katika vikao vya watungaji wa mitihani wa wilaya alisimama kila mara, vidole viwili juu, kudai kanda ichezwe mara mbili, yeye aliyekuwa akiapa kwa mara moja, akasemwa kuwa kigeugeu, akachekwa, akaendelea kudai mpaka wakachoka wakamkubalia. Wanafunzi wote mliosikilizishwa mara mbili kuanzia mwaka 2001, hiyo ndiyo sababu, ingawa hakumwambia mtu.

Kuhusu ugonjwa, tarehe 23 Januari 2023, siku ya pili ya mwaka mpya wetu, siku ambayo mabinti walioolewa hurudi kwao, marehemu alianguka mezani, akapelekwa hospitali mjini Touliu, ikaonekana amepata kiharusi, na tarehe 8 Februari akaruhusiwa kurudi nyumbani, akitembea kwa fimbo, mkono wa kulia umelegea, ulimi mzito. Tatizo lililotushinda ni kwamba hakuitika. Ukimwuliza anakutazama, ukirudia anainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, ukirudia tena anainua tena, na bibi Pi-hsia alirudia mpaka sauti ikamkauka. Tulimpeleka kwa daktari wa masikio tarehe 15 Februari, akapimwa, masikio yakaonekana mazima kabisa, na jioni tukimwashia televisheni alifuata taarifa ya habari, akatikisa kichwa kwa wanasiasa, akacheka vichekesho panapochekwa. "Huyu mzee ni kiburi tu," mkewe alisema huku analia, "mtangazaji anamsikia, mimi mkewe ananitilia pamba masikioni." Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba chini ya kila picha ya televisheni yetu maneno yote yameandikwa.

Pei-jung alifika Jumapili tarehe 5 Machi. Kesho yake mchana alikaa chini miguuni pa baba yake, sisi tukiwa tumekaa tunakunja maua ya karatasi kwa ajili ya hekalu, akashika ule mkono uliolegea, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Baba, lile swali la kumi na moja nililisikia. Nilikaa chini kabisa ya kipaza sauti, fataki zilianza Mama alipokwisha kusema. Nilisikia kila neno nikajibu vibaya, basi. Kila mtu akanionea huruma, Bibi akanichemshia kuku, nikaona tamu, nikanyamaza, halafu miaka ikapita nikaona aibu kusema. Hukunikosea kitu, Baba." Maua yakatudondoka mikononi. Sote tukamgeukia mwenye haki ya kusikia hayo kuliko wote, naye alikuwa anamtazama mwanawe usoni kwa bidii, jasho limemtoka, kisha akainua vidole viwili. Pei-jung akarudia yote. Akainua tena. Pei-jung akarudia huku analia, na mzee akawa anamfuta machozi kwa kiganja, hajui anafuta machozi ya nini.

Jumatano tarehe 8 Machi mtaalamu wa matamshi pale hospitali, binti mdogo mpole, alimpangia picha mezani, kijiko, mwavuli, samaki, ufunguo, akamtajia kila kimoja kwa mdomo ili akiguse, na mzee wetu akagusa ovyo, akakosa karibu vyote. Kisha binti akamwonyesha kadi zenye majina hayo hayo yaliyoandikwa, na Mwalimu Liao akapata vyote, haraka, kwa madaha, kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Tukaelezwa kwamba kiharusi kimemwacha anasikia sauti lakini maneno hayamwingii akilini, na kwamba kusoma kwake hakukuguswa. Yeye aliyetenganisha kusikia na kusoma kwenye karatasi za watoto wa watu maisha yake yote, vimetenganishwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, na ile sauti aliyoijua kuliko zote imekuwa kelele kama za Kinmen.

Siku ile tulirudi nyumbani na furaha ya ajabu. Bibi Pi-hsia alichana kalenda, akaandika nyuma yake, "Kumbe hukunidharau," mzee akasoma, akatikisa kichwa mara nyingi, akalia kama mtoto, na mdogo wake anayewasomea haya akaandika, "Kaka, bado una kiburi?" mzee akacheka mpaka akakohoa. Pei-jung aliishika kalamu, akaiweka chini. "Baba Mdogo, hili siliandiki nyuma ya kalenda," alisema, "kesho nitanunua karatasi nzuri na kalamu ya brashi, nimwandikie vizuri kama alivyonifundisha." Hakuna aliyemkataza, tuliona ni adabu.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Machi, wakati Pei-jung yuko dukani Huwei akichagua karatasi, marehemu alipata kiharusi cha pili akiwa anakunywa uji, na gari la wagonjwa lilipishana na binti yake njiani. Pei-jung aliandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, akaishika ile karatasi mbele ya macho yaliyofumba, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka wauguzi wakamwomba apumzishe mikono. Tulimrudisha marehemu nyumbani kwake kama desturi yetu ilivyo, mtu afie kwake, na Jumanne tarehe 14 Machi 2023 alikata roho, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu kwa hesabu yetu, inayompa mtu mwaka mmoja siku anayozaliwa na mwingine kila mwaka mpya, bila kufumbua macho. Tumewauliza madaktari, tumewauliza watawa, hakuna anayeweza kutuambia kama neno lile lilimfikia.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe, mjukuu mmoja na ndugu watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Touliu, yule binti wa matamshi aliyetufumbua macho, majirani mliopika na kukesha nasi, walimu wenzake mliobishana naye na kumstahimili, na wanafunzi wake wa miaka yote.

Karatasi ya Pei-jung itachomwa leo pamoja na vitu vyake, lakini hatujui kama huko aendako mambo husomwa au husikilizwa, hatuna uwezo wa kujua, kwa hiyo itatumwa kwa njia zote mbili, na kwa kuwa mara ya kwanza imekwisha kusomwa hapa, kwa kanuni aliyoipigania yeye mwenyewe inasomwa mara ya pili, wala mtu asipige kelele. "Baba, lile swali la kumi na moja nililisikia. Nilisikia kila neno nikajibu vibaya. Hukunikosea kitu, Baba."

Mwalimu Liao, Mwalimu Chang, kanda imekwisha, kalamu chini. Pumzika, kaka, kwa amani.