Shavu la Kushoto la Mzee Nusu

Ndugu waombolezaji, majirani, wenzake marehemu wa kiwandani, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja, familia imemchagua kitinda mimba asome historia hii, na kitinda mimba amekubali, kwa hiyo akienda mbio mtamvumilia, ndivyo alivyo, na baba yake alikuwa akimwambia kila siku, "Mwanangu, weka nukta, tupumue."

Wale mliokwisha kupita mbele ya jeneza mmeona wenyewe, na minong'ono ya viti vya nyuma imetufikia, kwamba mzee wa watu amelazwa shavu la kulia limenyolewa mpaka linang'aa, na la kushoto lina ndevu nyeupe za wiki tatu, na wengine wamesema ni yule mtoto wa mwisho, aliachiwa kazi, akaogopa wembe, akakimbia. Jambo hilo litajibiwa, ila tutaanza mwanzo, kwa sababu marehemu hakupenda kitu kianzie katikati, hata ukimuuliza kijiko kiko wapi alianza na chuma kilivyopatikana.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya maseremala, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na baba yake alikuwa mnoa visu wa kuzunguka mitaani, mwenye jiwe la kuzungusha kwa mguu, ambaye akina mama walimjua kwa mluzi kabla hawajamwona. Inasemekana alipolia mara ya kwanza baba yake alikuwa nje akinoa panga la jirani, akaingia na cheche bado ziko kwenye nywele, akamwangalia, akasema, "Huyu ana kidevu cha kazi."

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1958 na kumaliza Novemba 1964, kisha akasoma sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, akafaulu vizuri kemia na kuanguka vibaya katika kuimba. Mwalimu wa kemia ndiye aliyemharibu, kama alivyopenda kusema, maana siku moja alichukua sindano akaichoma moto mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji, ikavunjika kama biskuti, akachukua ya pili akaichoma vilevile, akaiacha ipoe yenyewe taratibu, ikapinda kama uzi. Kijana akarudi nyumbani akajaribu na sindano zote za mama yake, tisa kwa hesabu, na alifukuzwa kwa mwiko kuzunguka karakana mara mbili, lakini anakimbia huku anauliza, "Mama, ni sindano ileile, mbona tabia mbili?" Swali hilo ndilo alilokula nalo, akalala nalo, mpaka akazeeka nalo.

Baada ya miaka miwili ya kunoa visu na baba yake, aliajiriwa kiwanda cha nyembe siku ya Jumatatu, tarehe 1 Februari 1971, akaanza na kufunga nyembe kwenye karatasi za nta, akahamia mashine ya kutoboa, kisha tanuri, na mwishowe ukaguzi, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, miaka arobaini na ushee, bila kupoteza kidole hata kimoja, jambo ambalo alilitaja kwenye kila sherehe akiwa amenyoosha mikono yote miwili juu.

Hapa lazima tuseme kidogo habari za chuma, tusiposema atainuka atusahihishe. Kila mfanyakazi mpya alikalishwa na marehemu kwenye benchi la karibu na tanuri akaambiwa kwamba watu wa kale walichoma mawe mekundu pamoja na makaa, wakavukuta siku nzima, wakapata bonge moja lenye matundu kama mkate, wakalipiga nyundo mpaka uchafu ukatoka, na bila kujua walikuwa wanalisha chuma makaa, maana chuma kikikosa makaa kinakuwa laini kama mtu asiye na msimamo, kikila makaa kupita kiasi kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kwa neno dogo, na pale katikati, padogo kabisa, ndipo palipo na chuma cha pua. Ikapita miaka maelfu watu wanapapata pale kwa kubahatisha, mpaka yapata miaka mia na sabini iliyopita wakajua kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, makaa ya ziada yakaungua, kikapatikana kwa wingi, na baadaye wengine wakachanganya na kromiamu, kutu ikakosa pa kushika. "Na wewe," alimalizia, akimwekea mfanyakazi mpya wembe mmoja kiganjani, "umeletewa yote hayo yakiwa mepesi kuliko jani, usiyaangushe."

Wembe wenyewe, ndugu zangu, tunaununua bila kuufikiria, lakini unaanza kama utepe mrefu wa chuma uliokunjwa kama gurudumu, mwembamba kama karatasi, unatobolewa matundu ya katikati ukiwa bado laini, unapita kwenye tanuri la nyuzi joto zaidi ya elfu moja, unapozwa ghafla, halafu unaingizwa kwenye baridi kali kuliko ya friji yoyote, ndipo unakuwa mgumu, ndipo unanolewa mara tatu kwa mawe matatu, kila jiwe na pembe yake, unasuguliwa kwenye ngozi, unaoshwa, unapakwa utando mwembamba usioonekana ili uteleze, ndipo unavishwa karatasi yake. Na baada ya yote hayo, mashine zote zikishasema ndiyo, bado palikuwa na mtu wa kusema hapana, na mtu huyo alikuwa na ndevu.

Maana kiwanda kile kilikuwa na chumba chenye masinki manane yamepangwa mstari, na kila Alhamisi asubuhi wanaume wanane waliofuga ndevu kwa siku nne walisimama mbele ya vioo, wakanyoa shavu la kulia kwa wembe wa zamani unaojulikana, na la kushoto kwa wembe wa toleo jipya, kisha kila mmoja akajaza fomu yenye maneno matatu, laini, unavuta, unachoma. Marehemu alikuwa Namba Sita. Kanuni ilikuwa moja, kwamba mnyoaji akiukataa wembe asiliguse tena shavu hilo mpaka mhandisi mkuu aje aangalie kwa macho yake, maana fomu inaweza kubadilishwa, ila shavu ni ushahidi.

Sasa tunafika kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 19 Juni 1976, na binti aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi ya kiwanda, ambaye ni mama yetu, huyu hapa mbele. Alhamisi ya wiki hiyo, tarehe 17, siku mbili tu kabla, bwana harusi alinyoa shavu la kulia likawa safi, akaanza la kushoto kwa wembe mpya, akavuta mara moja tu, akaweka wembe chini. Akaandika, unavuta. Wale saba wengine walikuwa wameandika laini, na msimamizi wa zamu akamwambia, "Wewe unataka tusimamishe tanuri kwa ajili ya shavu lako?" Marehemu akajibu, "Tanuri lina baridi, mzee, mimi nimeisikia hapa." Mhandisi mkuu alikuwa safarini hadi Jumatatu. Kwa hiyo shavu likabaki.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Shangazi yake alikuja Ijumaa na wembe ameufunga kwenye leso, akamwambia uso kwa uso, "Kijana, harusi ni ya ukoo, kiwanda ni cha wenyewe, nyoa." Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, akajitolea amshike mikono. Marehemu akasema akinyoa, nyembe laki mbili zitatoka kwenda kukwaruza watu wasio na hatia, na Jumatatu atasimama na nini mbele ya mhandisi, na picha? Akaingia ukumbini na suti ya kijivu, kulia kijana, kushoto babu, watu wakacheka mpaka mpiga ngoma akapoteza mdundo, na bibi harusi, aliyekuwa hajaambiwa lolote, akamtazama kulia, akamtazama kushoto, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo nachukua nusu, Jumatatu nitakuja kuchukua iliyobaki." Jina la Nusu lilizaliwa hapo na halikufa. Jumatatu mhandisi alilipapasa lile shavu, akapima tanuri kwa kipimo kingine, akakuta kile cha zamani kilikuwa kinadanganya kwa nyuzi arobaini, nyembe zote zikarudishwa. Picha ya harusi iko sebuleni mpaka leo, mpiga picha alijitahidi sana kumgeuza ubavu, lakini mama alichagua ile ya uso mzima.

Ndoa hiyo ilibarikiwa watoto watano, wa kwanza mwaka 1978, wa pili 1980, wa tatu 1983, wa nne 1987, na wa mwisho tarehe 3 Novemba 1997, wakati mama alishadhani duka limefungwa. Wanne wa kwanza walirithi mikono ya baba. Wa mwisho alirithi mdomo tu. Alipokuwa na miaka saba alifungua lile kopo la maziwa ambalo baba alitoboa mfuniko wake akatumbukiza nyembe zilizokwisha kazi, akaingiza vidole, na tangu siku hiyo hakugusa wembe tena, hata penseli alimpelekea kaka yake amchongee. Baba akimfunga kitambaa alimwambia, "Huu ulikuwa butu, mwanangu, wembe butu ndio unaoumiza mtu, kwa sababu unalazimisha."

Na tarehe 15 Julai mwaka huu kitinda mimba huyo alijifungua, na woga uliokuwa mmoja ukawa mia, akaogopa maji ya kuogea, akaogopa ngazi, akaogopa shingo ya mtoto, akaogopa mtoto akilia na akaogopa zaidi akinyamaza, na kucha za mtoto hakuzikata hata moja, akamvisha soksi mikononi, akawa analia jikoni anafikiri hakuna anayemsikia. Marehemu alimsikia. Alimwita, akamwambia, "Mwanangu, mimi miaka arobaini nimeogopa wembe kila siku, ndiyo maana vidole ni kumi."

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Februari mwaka huu wa 2024, akalazwa mara mbili, mwezi Machi na mwezi Juni, na katikati ya Septemba mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka akashindwa kujinyoa, yeye ambaye hakuwahi kunyolewa na mtu. Kaka zetu walijitolea, akakataa, akasema wana mikono ya koleo. Kinyozi alikuja na mashine ya umeme, akarudishwa mlangoni kwa heshima zote. Ndevu zikaota wiki tatu, na alipoulizwa anamngoja nani akasema, "Namngoja mwoga. Anayeogopa wembe ndiye anayeutazama." Kitinda mimba alijua anasemwa yeye, na kila asubuhi alipata shughuli nyingine.

Siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, shughuli zilimwishia. Alileta bakuli la maji ya moto, sabuni, brashi, na kile kishikio cha wembe cha baba, cha zamani, cha kufungua kwa kuzungusha, mama akampakata mtoto kando ya dirisha, na marehemu akaegemea mito miwili akatoa amri kama yuko kwenye masinki, "Vuta ngozi. Pembe ndogo. Usikandamize, uache uzito wake ufanye kazi." Mkono ulitetemeka mpaka povu likadondoka shukani, akataka kuacha, baba akasema, "Tetemeka kwanza, imalizike, halafu nyoa," naye akatetemeka, ikamalizika, akanyoa. Alinyoa shavu lote la kulia kutoka sikioni hadi kidevuni, hakuna tone la damu. Marehemu akalipapasa kwa vidole vyake, polepole, akaenda juu akarudi chini, akasema, "Andika, laini."

Kisha akasema apumzike kidogo kabla ya la kushoto, akafumba macho, na kitinda mimba akaendelea kukoroga povu lisipoe, akimwambia habari za mtoto, mpaka mama alipomshika bega. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Hakukimbia, basi, na hilo ndilo jibu. Baba mdogo alitaka amalizie yeye kwa heshima, na kitinda mimba mwenyewe alikwisha kushika kishikio, mkono umetulia kama jiwe, lakini mama akasema, "Acheni. Hivi ndivyo nilivyompokea."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyekubali kusikiliza historia ya chuma mara mbili na kuuliza maswali, majirani waliotuletea viti, maji na masufuria bila kuombwa, na wenzake wa kiwandani, hususan Namba Nne, ambaye jana alikuja na fomu ya zamani, akasimama mbele ya jeneza, akapapasa shavu la kulia, akaweka alama panapostahili, akatia sahihi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na kopo moja la maziwa lililojaa. Na mjukuu wa kumi na moja, jana mchana, alikatwa kucha na mama yake kwa mara ya kwanza, mkono wa kulia wote, wa kushoto tutaufikia.

Pumzika kwa amani, baba yetu Nusu, shavu la kulia ni laini, la kushoto ni ushahidi.